Gitaa la kesi, kesi gani?

Najua nimepotea, ila mlioko vyuoni mnajua wenyewe mwisho wa muhula unavyokuwa. Ripoti tatu, maelezo mbele ya darasa kwa Kijapani (nilitokwa jasho kama nimebeba gunia la mkaa), na maabara mpaka saa nne usiku. Sasa nimepumua kidogo, na kuna jambo limenikaa kooni wiki nzima. Ni habari ya magitaa. Wale mnaosema nimezidi na magitaa, leo chemsheni chai kabisa, maana itakuwa ndefu.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane. Mi naona gitaa kavu la zamani la Kijapani, haya ya miaka ya 60 mpaka 80 mwanzoni, liende kwa mtu atakayelipiga. Anayetaka kulikusanya tu na kulifungia kabatini asipewe nafasi ya kwanza. Na bei ya kulinunua itokane na mbao na kazi ya fundi. Hadithi isiuzwe kwa bei ya mbao. Kwa mwanafunzi hilo si jambo dogo, maana haya ndiyo magitaa mazuri ambayo mtu asiye na mshiko bado anaweza kuyafikia. Yakishapanda bei, basi tena, tutabaki kuyaangalia kwenye picha.

Tuanze na hadithi yenyewe. Ukiingia kwenye minada ya mtandaoni ukatafuta gitaa la Kijapani la miaka ya 70, utakuta maneno "enzi za kesi" yamebandikwa kila mahali kama stika kwenye kioo cha daladala. Muuzaji anataka uelewe hivi: eti Wajapani walitengeneza magitaa mazuri mno, Wamarekani wakaona wivu, wakawaburuza mahakamani, kwa hiyo hili unaloliona ni karibu mali ya magendo, toa hela haraka. Hadithi tamu, sikatai. Sasa kesi yenyewe ilikuwaje?

Norlin, waliokuwa wanaimiliki Gibson ya Marekani, walifungua kesi tarehe 28 Juni 1977 kwenye mahakama ya shirikisho mjini Philadelphia. Walioshtakiwa ni Elger, kampuni iliyokuwa inaingiza magitaa ya Ibanez Marekani, mali ya Hoshino Gakki ya hapa hapa Nagoya ninapoishi. Kilichogombewa ni umbo la kichwa cha gitaa, kile kinachofanana na kitabu kilichofunuliwa. Na magitaa yenyewe yalikuwa ya umeme. Halafu Ibanez walikuwa wameshaanza kubadilisha kichwa hicho kabla kesi haijafunguliwa. Mwaka 1978 wakamalizana nje ya mahakama, kila mtu akaenda kwake.

Ndo hivyo tu, wadau. Hakuna hakimu aliyesikiliza magitaa mawili akasema la Mjapani linalia vizuri zaidi. Magitaa makavu ya Yamaha hayakuwemo kwenye kesi hiyo, wala ya K. Yairi. Ni kweli viwanda vingi vya huku viliiga Martin, wengine mpaka staili ya maandishi ya kichwani, na hilo mtu yeyote mwenye macho analiona. Lakini kuiga ni kitu kimoja, na kushtakiwa ni kingine. Mtu akikuuzia gitaa kavu kwa bei ya "kesi", muulize kwa upole: mzee, kesi gani hiyo, na nani alimshtaki nani? Utaona anavyoanza kuangalia dari.

Kinachoniuma ni kwamba hadithi hii ya uongo inaifunika ya kweli, na ya kweli ni nzuri kuliko hiyo. Tena inatuhusu sisi wanafunzi.

Sehemu hii ya Japani, ukichora duara kuanzia Hamamatsu kupitia Nagoya mpaka milima ya Gifu na Nagano, ni kama Mwenge kwa vinyago: ufundi umeota mizizi. Mwaka 1887 Torakusu Yamaha alitengeneza kinanda kibovu cha shule moja pale Hamamatsu, na kutokana na kazi hiyo ikaja kampuni ya Nippon Gakki, ambayo baadaye ndiyo ikawa Yamaha. Miaka hiyo hiyo Masakichi Suzuki alikuwa anaanza kutengeneza fidla hapa Nagoya. Kwa hiyo vijana wa Kijapani walipoanza kudai magitaa miaka ya 60, mafundi walikuwepo, mbao zilikuwepo, na mikono ilishazoea kukunja ubao mwembamba kwa moto na mvuke.

Mwaka 1966 Yamaha wakatoa magitaa mawili, FG-150 na FG-180. FG maana yake ni gitaa la folk. Namba nayo ina maana: FG-180 liliuzwa yeni 18,000, na FG-150 yeni 15,000. Kipindi hicho dola moja ilikuwa imefungwa kwenye yeni 360, kwa hiyo FG-180 lilikuwa kama dola 50. Piga hesabu mwenyewe uone kwa nini Wamarekani walilipenda. Agosti 1969 kwenye tamasha la Woodstock, Country Joe McDonald alipanda jukwaani peke yake na FG-150, kamba ya kawaida ikiwa ndiyo mkanda wa begani. Watu wote wale mbele yake, na mkononi ana gitaa la bei ya chini kabisa la Mjapani.

Huku Japani wateja walikuwa nani? Wanafunzi. Wale waliokuwa wanaishi kwenye vyumba vya mikeka minne na nusu, yaani kama mita saba za mraba, choo cha kuchangia, bafu la mtaani. Mpaka muziki wenyewe baadaye ukapewa jina la folk ya mikeka minne na nusu. (Wenzangu wa mabwenini msicheke, chumba changu nimekipima.) Mwaka 1969 hao hao walikuwa wanakusanyika Jumamosi jioni chini ya kituo cha treni cha Shinjuku, Tokyo, upande wa magharibi, wanapiga magitaa na kuimba nyimbo za kupinga vita vya Vietnam, maelfu ya watu. Serikali ikachoka. Wakaletwa polisi wa kutuliza ghasia, na Julai mwaka huo vibao vya pale vikabadilishwa: badala ya kusomeka "uwanja" vikasomeka "njia". Maana kwenye uwanja mtu ana haki ya kusimama, lakini kwenye njia anatakiwa kupita. Kibao tu, watu wakaondolewa!

Na Agosti ya mwaka huo huo likafanyika tamasha kubwa la folk kando ya ziwa dogo pale Sakashita, milimani Gifu, likarudiwa 1970 na 1971. Sasa sikilizeni hii: Sakashita ndiko ilikoanzia Takamine, karakana ya familia iliyofunguliwa mwaka 1959 chini ya mlima wa jina hilo hilo. Yaani gitaa lilitengenezwa kijiji kile kile walikokwenda vijana kuimba. Hiyo ndiyo historia ninayotaka mtu anisimulie anaponiuzia gitaa, siyo habari za mawakili wa Philadelphia.

Kwa nini basi yakaisha? Hela, nini kingine. Mwaka 1971 dola ilianza kuachia ile yeni 360, na Septemba 1985 mataifa makubwa yakakubaliana pale hoteli ya Plaza, New York, dola ishushwe. Kabla ya hapo dola ilikuwa kama yeni 240, miaka miwili mbele ikawa inacheza karibu na 145. Gitaa lile lile, fundi yule yule, mnunuzi wa nje anaona bei imeruka vibaya. Yamaha walikuwa wameshapeleka kazi nyingi Taiwani tangu miaka ya 70 mwanzoni, wengine wakaelekea Korea. Mafundi waliobaki Japani wakajikita kwenye magitaa machache ya bei ya juu, kama Kazuo Yairi pale Kani, Gifu, aliyefariki 2014 na karakana yake ikaendelea.

Haya, mbao. Hapa ndipo wauzaji wanapotupiga. Utasikia "mbao za zamani, zimeiva, huwezi kuzipata tena". Taratibu bwana. Yamaha FG-180 lenye lebo nyekundu ndani, ambalo watu wanalitafuta kwa udi na uvumba, ni plaiwudi: uso wa sprusi ya kubandikwa, mgongo na mbavu za mahogani ya kubandikwa. Siyo siri. Na bado linalia vizuri! Ni jepesi, mbao nyembamba, na kwa sababu ni za kubandikwa hazikupasuka pale wenzake wa ubao mmoja walipopasuka kwenye nyumba zenye hita kali. Kwa hiyo likisifiwa lisifiwe kwa hilo. Na siyo kila la zamani ni zuri. Yako kibao yaliyotengenezwa kwa haraka kwa ajili ya maduka ya nje, mazito kama sanduku la bia, daraja la bati lenye skrubu, na hayo yalikuwa mabaya siku yanazaliwa. Miaka 50 haijayabadilisha tabia.

Upande wa pili kuna yale ya hali ya juu yenye mgongo wa hakaranda, ndivyo Wajapani wanavyoiita rosewudi ya Brazili. Wadau wa Arusha na Nairobi msichanganye na mjakaranda wetu wa maua ya zambarau, huo ni mti mwingine kabisa. Ndugu wa kweli wa hakaranda ni mpingo wetu, wote ni wa jenasi moja, Dalbergia. Hakaranda imewekwa tangu 1992 kwenye orodha kali kabisa ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Gitaa lake halivuki mpaka bila vibali. Rosewudi nyingine ziliongezwa kwenye orodha ya pili mwaka 2017, kisha 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa zikalegezewa. Kwa hiyo ukiona mtu anauza "hakaranda halisi" kwa bei ya kutupa na anasema atakutumia popote duniani, ama siyo hakaranda, ama ni matatizo.

Sasa nifike kwenye kilichoniwasha mpaka nikaandika. Klabu yetu ya folk hapa chuoni ina chumba kwenye jengo la zamani, na ndani kuna magitaa manne yaliyoachwa na waliomaliza zamani. FG-180 lebo nyekundu, Takamine moja, K. Yairi moja, na moja ambalo jina lake limefutika. Senpai wetu mmoja, kaka wa mwaka wa nne, mtu mwema tu, amepata mnunuzi wa nje ya nchi. Anayataka yote manne kwa jumla. Hela yake ingelipa kodi yangu ya bweni miezi mitano. Senpai anasema tuuze, tununue mawili mapya na spika, klabu ipendeze. Mnunuzi ameandika wazi kwamba hatayapiga, anayahifadhi, "yatapanda". Na kwenye ujumbe wake limo lile neno: enzi za kesi!

Mi nimesema hapana, nikasema mbele ya kikao, kwa Kijapani changu cha kuokoteza. Hoja zangu ni hizi.

Kwanza, kila mwaka mwezi wa nne wanaingia wanafunzi wapya, nusu yao hawana gitaa. Yupo dada mmoja kutoka Indonesia, mwaka jana alikuja hajui hata kukaza uzi. Leo anapiga na kuimba mwenyewe, na amejifunzia kwenye ile FG. Ukinunua mawili mapya badala ya manne, umepunguza nafasi mbili. Hesabu ya darasa la pili.

Pili, watu wanadhani gitaa likifungiwa ndiyo limelindwa. Siyo kweli. Nyuzi sita za chuma zikikazwa zinavuta shingo na daraja kwa nguvu ya kilo 70 na ushee, mchana na usiku, lipigwe lisipigwe. Anayelipiga kila siku ataona mapema daraja likianza kunyanyuka au nyuzi zikipanda juu, atalipeleka kwa fundi. Anayelifungia atagundua baada ya miaka kumi, uso umevimba kama andazi. Freti zikiisha kwa kupigwa zinabadilishwa, ni kazi ya kawaida. Uso uliovimba ni kazi nyingine.

Tatu, yaliyoachwa pale hayakuachwa kama akiba ya benki. Aliyeacha alijua atakuja mtu nyuma yake hana kitu.

Sasa niwe mkweli kwa upande wa wakusanyaji, maana kuna watakaosema nawaonea. Tunachokijua kuhusu magitaa haya kwa sehemu kubwa tunakijua kwa sababu yao. Wao ndio waliokaa wakalinganisha lebo na namba. Kwa mfano magitaa mengi ya Alvarez-Yairi ya miaka ya 70, yaliyotengenezwa Kani kwa ajili ya soko la Marekani, yana namba ndani kwenye kipande cha mbao kinachoshika shingo, na tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka wa Showa, yaani miaka ya utawala wa mfalme. Ukiongeza 25 unapata mwaka wetu: 50 ni 1975, 53 ni 1978. Mtu aliyekaa akaligundua hilo amenisaidia, namshukuru. Na wapo wakusanyaji wenye magitaa ishirini ambao wanayapiga yote na kuyaazima kwa vijana. Hao ni wenzetu. Ninaowapinga ni wale wanaonunua kama hisa.

Senpai naye ana hoja moja nzito, siwezi kuiruka: matengenezo yanagharimu, na klabu haina hela. Kweli. Shingo ya ile K. Yairi imeanza kuinama, na kuing'oa na kuibandika upya inaweza kuzidi bei ya gitaa jipya la kujifunzia. Pendekezo langu basi liko hivi. Takamine na FG zibaki, hazina tatizo kubwa. Lile lisilo na jina libaki pia, hakuna atakayelitaka. K. Yairi liuzwe kama ni lazima, ila liuzwe hapa hapa kwa mtu anayepiga, kwa bei ya gitaa lenye shingo inayohitaji kazi, na hela iende kwenye matengenezo ya matatu yaliyobaki. Fundi mmoja mzee pale Osu amekubali kutufundisha kazi ndogondogo bure, kuchonga nati na kushusha nyuzi. Tunapeleka mikono yetu, yeye anatoa macho yake. Kura ni Ijumaa ijayo, na sijui itaangukia wapi.

Kwa mwanafunzi mwenzangu anayetaka lake mwenyewe, fanya hivi. Nenda maduka ya mitumba, yale ya Hard Off yana kona ya makorokoro ambako vitu vinauzwa vilivyo, bila dhamana. Langu nililitoa kona hiyo, yeni 9,000. Usisome jina kwanza. Lishike, lione kama ni jepesi. Angalia shingo kwa kulilenga kama bunduki, kutoka kichwani kuelekea darajani, uone kama imepinda. Pima nafasi kati ya uzi mnene na freti ya 12: milimita mbili na nusu au tatu ni sawa, tano achana nalo hata kama ni la bure, labda uwe na fundi. Chomeka kipande cha karatasi nyuma ya daraja, kikiingia ujue gundi imeanza kuachia. Gongagonga mgongo kwa vidole, ukisikia mlio wa kukwaruza ndani kuna kiunzi kimebanduka. Mwisho piga. Piga hata wimbo mmoja mzima, usione haya, muuzaji hakuumi. Kama lina sauti unayoipenda, ndipo usome jina.

Na ukishalipata, liazime. Rafiki zangu wa Kijapani wanakuja chumbani kwangu kusikiliza solo za Msondo zikitoka kwenye plaiwudi ya Hamamatsu, wanauliza "hiki ni nini?", halafu nao wanataka kujaribu. Majirani wamegonga ukuta mara mbili tu mpaka sasa.

Haya wadau, kesho nina kipindi saa mbili na nusu asubuhi. Mwenye gitaa la zamani huko aliko, avute vumbi alipige usiku huu. Tuonane baada ya Ijumaa.